Sindano 14 za Kitovu

Kila mtoto wa mtaani aliisikia hii: ukiumwa na mbwa, unadungwa sindano 14 za kitovu. Si mkononi, si matakoni. Kitovuni. Wakubwa wetu waliitumia kututisha tusichokoze mbwa wa jirani, na ilifanya kazi kabisa. Mimi nilikuwa nikiona hata kambwa kadogo kamelala kwa lango la ploti, navuka barabara.

Nikiwa darasa la tano, mbwa wa nyanya yangu kule Machakos alianza kubweka kwa sauti iliyokauka, kama kitu kimemkwama kooni. Mate yakimtiririka, chakula hataki. Siku ya pili alimuuma mbuzi, akamkosa binamu yangu kwa hatua moja tu. Wanaume wa kijiji wakammaliza kwa rungu nyuma ya ghala la mahindi. Nyanya, ambaye sisi tulimwita Susu, hakusema kitu mpaka jioni. Kisha akasema, "Miaka minne nimekaa na huyu mbwa. Hakuna mtu hata siku moja aliniuliza kama amechanjwa."

Nilikuja kujua baadaye kwamba zile sindano 14 hazikuwa porojo. Tarehe 6 Julai 1885, jijini Paris, Louis Pasteur alianza kumchanja Joseph Meister, mvulana wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Chanjo yenyewe ilitokana na uti wa mgongo wa sungura walioambukizwa, ukakaushwa ili kupunguza makali ya virusi. Meister alipona. Mwaka 1911, huko Kasauli, India, daktari Mwingereza David Semple akatoa chanjo nyingine iliyotengenezwa kwa ubongo wa wanyama. Hiyo ndiyo iliyozoeleka kudungwa tumboni, kila siku, kwa siku 14. Chanjo za namna hiyo zilitumika Asia na Afrika kwa miongo mingi. Kwa hivyo wazazi wetu walikuwa wakitusimulia historia, bila kujua.

Mwaka mmoja baada ya Semple, yaani 1912, kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza. Mgonjwa alikuwa mbwa wa viungani mwa Nairobi. Kisa cha kwanza cha binadamu kuandikwa kilikuja mwaka 1928, cha mwanamke wa upande wa Ziwa Victoria.

Sasa jiulize, madaktari wa wanyama walikuwa wapi? Walikuwepo, lakini macho yao yalikuwa kwa ng'ombe. Miaka ya 1890, sotoka ilikuwa imefagia mifugo ya Afrika Mashariki na kuacha njaa nyuma yake. Serikali ya kikoloni ilipojenga maabara Kabete, haikuwa na nia ya kutibu paka wa mtu. Ilitaka kulinda nyama, maziwa na ngozi. Hata chama cha kutetea wanyama kilichoanza hapa mwaka 1910, ambacho leo tunakijua kama KSPCA, kilianza kwa kuwahurumia maksai waliovuta mikokoteni. Na kazi ya ng'ombe ilizaa matunda, tuseme ukweli. Pale Muguga, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo ya sotoka iliyosaidia kuumaliza ugonjwa huo duniani. Ilitangazwa rasmi mwaka 2011 kwamba sotoka imekwisha.

Hata lugha yetu inasema hivyo. Tunaita "daktari wa mifugo". Ukitaja mifugo, mtu anawaza ng'ombe, mbuzi na kuku. Mbwa analala nje ya boma, na hata neno linamwacha huko huko.

Na bado dawa ya tatizo lake ilikuwepo. Mwaka 1921, wanasayansi wa Japani walionyesha kwamba unaweza kumchanja mbwa mwenyewe, badala ya kungoja aume ndipo ukimbizane na mtu hospitalini. Hesabu ni rahisi: karibu watu 99 kati ya 100 wanaokufa kwa kichaa duniani huambukizwa na mbwa. Ukimlinda mbwa, umemlinda mtoto.

Kenya ilijaribu. Kulikuwa na chanjo, na kulikuwa na Sheria ya Kichaa cha Mbwa na risasi kwa mbwa wanaozurura. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 ugonjwa ulikuwa umepungua sana. Halafu tukalegea. Ulirudi kabla ya muongo huo kuisha, na ukakaa. Miaka ya 80 na 90 ikaja ile habari ya kupunguza matumizi ya serikali, na huduma za mifugo zikaachiwa soko. Ng'ombe ana mtu wa kumlipia, maana maziwa yatarudisha pesa. Mbwa analipa kwa kubweka. Nani atatoa pesa mfukoni kwa ajili ya kubweka?

Watafiti waliofanya kazi Machakos miaka ya 1990 walikuta jambo ambalo Susu angewaambia bure: wale mbwa tunaowaita koko, wengi wana kwao. Wanazurura, ndio, lakini jioni kuna mlango wanaourudia. Pia wanakufa mapema na kuzaliana haraka, kwa hivyo ukichanja mwaka huu ukanyamaza, baada ya muda mfupi umejaa watoto wapya wasio na kinga. Ndiyo maana lengo ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa, kila mwaka, bila kuruka.

Mwaka 2014 serikali ilizindua mpango wa kumaliza vifo vya watu kutokana na kichaa ifikapo 2030. Makadirio yaliyotumika yalikuwa takriban vifo 2,000 kwa mwaka. Wengi wanaoumwa ni watoto.

Leo Nairobi kuna kliniki ambapo paka anasafishwa meno na mbwa ananyolewa vizuri kuniliko. Siwachukii. Nina paka wangu, na nimempeleka. Lakini virusi havijui ukuta wa Kilimani ni wa nani. Mbwa wa esteti na mbwa wa dampo hukutana usiku kwa taka zile zile, na paka wako anatoka dirishani. Mchanje akifika miezi mitatu, rudia kila mwaka. Ukiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje dalili, kwa sababu dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Na usiogope kitovu chako. Siku hizi ni sindano chache, za mkono.

Agosti iliyopita nilienda Machakos, nikakuta foleni kwenye uwanja wa shule ya msingi. Watoto wamewashika mbwa kwa kamba za mkonge, mmoja amebeba paka ndani ya kiondo, kichwa tu ndicho kinaonekana. Afisa mwenye koti la kijani alikuwa akiuliza kila mmoja swali lile lile kabla ya kujaza kadi: "Huyu amewahi kuchanjwa?"

Susu alifariki miaka sita iliyopita. Nilisimama kando ya uzio nikisikiliza hilo swali likiulizwa tena na tena, mpaka foleni ikaisha.