Mti wa Krismasi na Jua la Ikweta

Februari mwaka jana pikapu ilisimama mbele ya kitalu cha mama, kando ya barabara inayoingia Kampala kutoka upande wa Entebbe, ikashusha miti saba ya araukaria. Desemba mama alikuwa ameiuzia ofisi moja ya mjini miti kumi na miwili ya Krismasi, kila mmoja shilingi laki moja na nusu. Sasa saba imerudi, matawi ya chini yamekauka, vilele vimepinda, na dereva ana barua inayodai pesa. Pesa zenyewe hazikuwepo. Zilikuwa zimeshalipa karo yangu ya muhula.

“Maama, wameifanya nini?” nikauliza.

“Hawakuifanya kitu, mwanangu. Waliiweka ndani, basi.”

Mimi ni mwanafunzi wa historia na Kiswahili, si wa kilimo. Lakini jibu lile lilinisumbua, kwa sababu mti wa Krismasi tangu zamani ni mti wa kuwekwa ndani. Imekuwaje basi ndani ya nyumba ya Kampala pawe mahali pa kuuua?

Nilianza kwa jajja, mama mzaa mama. Anasema utotoni mwake hakuna aliyenunua mti. Wavulana walikwenda kukata tawi la saiprasi, likasimamishwa katika debe la mchanga, likapambwa kwa puto na vipande vya pamba. Pamba ni theluji ya watu wasiowahi kuona theluji. Tawi lilikaa kijani hadi Mwaka Mpya, kisha likawa kuni. Halikuhitaji mwanga kwa kuwa lilikuwa limekwisha kufa siku lilipokatwa. Jajja anacheka anaposikia kwamba siku hizi watu wanataka mti ulio hai, na katika chungu.

Desturi hii hata huko ilikotoka si ya kale sana. Wajerumani walikuwa nayo mapema, lakini Waingereza wengi waliipenda baada ya gazeti la Illustrated London News kuchapa, mwaka 1848, picha ya Malkia Victoria na Prince Albert wakiwa na watoto wao kando ya mti. Wamisionari wa kwanza wa CMS walifika Buganda mwaka 1877, miaka 29 tu baadaye. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba mti wa Krismasi ni jambo la tangu Bethlehemu, huwa natabasamu.

Mti wa Wajerumani ni wa jamii ya Abies. Kiswahili chetu huuweka kapu moja na paini na kuiita yote misonobari, ingawa tabia zake ni tofauti. Mche wa Abies huweza kukaa miaka mingi katika kivuli cha miti mikubwa ukingoja nafasi, ilhali paini hutaka jua tangu mwanzo. Ungedhani basi Abies angefaa sebule zetu. Tatizo lake ni kalenda. Huko kaskazini mti husoma urefu wa usiku: usiku ukirefuka hufunga machipukizi yake, kisha hungoja baridi ya miezi kadhaa kabla ya kuyafungua tena. Kampala iko chini ya nusu nyuzi kutoka ikweta. Mchana wetu ni karibu saa 12 mwaka mzima, na baridi ya kweli haipo. Mti wa namna hiyo hapa ni kama mgeni anayengoja wito wa kuamka usiokuja.

Hivyo misonobari iliyotufaa ilitoka kwingine. Saiprasi aliyokatiwa jajja ni Cupressus lusitanica, ambayo jina lake linataja Ureno lakini asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Paini ya Karibea inayopandwa kwa mbao hapa Uganda nayo ilitoka pande hizo. Hata yenyewe wakati mwingine huchanganyikiwa na ukosefu wa majira: hurefuka mfululizo bila kutoa matawi, ikawa fimbo yenye manyoya ambayo wataalamu huiita mkia wa mbweha.

Wala tusisahau kwamba tuna wetu. Musenene wa misitu ya Sango Bay, kusini magharibi mwa Masaka, ni wa ukoo huohuo wa misonobari, na jina lake la kisayansi, Afrocarpus dawei, linamkumbuka M. T. Dawe aliyefanya kazi Entebbe mwanzoni mwa karne ya 20. Bustani ya mimea ya Entebbe ilianzishwa mwaka 1898 chini ya Alexander Whyte. Huyo naye alikuwa ametoka Nyasaland, ambako mwerezi wa mlima Mulanje ulipewa jina lake. Mwaka ule reli ilikuwa bado haijafika ziwani. Ilifika Desemba 1901. Mizigo ya Uganda ilimalizia safari vichwani mwa wapagazi, ambao lugha yao ya njiani ilikuwa hii ninayoiandikia.

Baharini shida ya mwanga ilikuwa imeshapatiwa dawa. Daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, alitengeneza masanduku ya vioo yaliyofungwa, na mwaka 1833 akatuma mawili hadi Sydney na mimea ikafika hai. Masanduku hayo yalipaswa kukaa juu ya sitaha, kwenye jua. Wazungu walijua vizuri sana kwamba mmea ukifichwa gizani hufa.

Lakini waliogopa jua kwa ajili yao wenyewe. Waliamini kwamba jua la tropiki huharibu ubongo na uti wa mgongo, wakavaa kofia nene na kujenga nyumba zenye baraza pana na paa lililoshuka chini. Nyumba hizo zingali zipo Entebbe na Kololo, na ofisi nyingi za leo zimerithi mtindo uleule pamoja na vioo vya rangi. Hapa nadhani ndipo mkosi wa mama ulipoanzia. London mwezi Desemba jua la mchana husimama nyuzi 15 tu juu ya upeo wa macho, kwa hiyo huingia dirishani na kufika katikati ya chumba. Kwetu mwezi huohuo liko nyuzi 66, upande wa kusini, na paa hulizuia. Dirisha la kaskazini halioni jua kabisa hadi baada ya Machi. Sebule ya Kampala inaweza kuwa na giza kuliko ya London, huku nje mtu anakodoa macho kwa mwanga. Jicho letu hudanganya pia: unasoma gazeti vizuri hatua tatu kutoka dirishani, na mti palepale unakufa njaa.

Araukaria ya mama asili yake ni kisiwa cha Norfolk katika Pasifiki, alikotua Cook mwaka 1774 akatamani vigogo vyake kwa milingoti. Ni mti wa ufukwe, wa jua na upepo. Ukinyimwa mwanga huinamia dirisha na kuangusha matawi ya chini, na yakishaanguka hayaoti tena. Ukiutoa ghafla kutoka gizani hadi juani nao huungua. Miti ile saba ilipata adhabu zote mbili, kwa sababu walinzi waliitoa uani Januari saa sita mchana.

Niliandika maelezo haya kwa ufupi, mama akayapeleka ofisini. Walikubali kurudishiwa nusu, nasi tukalipa kwa awamu tatu. Ya mwisho ilitoka katika pesa zangu za chakula, na nilikula mihogo muhula mzima.

Desemba iliyofuata mama hakuuza hata mti mmoja. Aliikodisha. Mti unakaa ofisini wiki mbili, karibu na dirisha la kusini, ukigeuzwa kila Jumatatu, kisha unarudi. Wiki mbili nyingine unakaa chini ya wavu wa kivuli, halafu chini ya mwembe, ndipo juani. Mitano kati ya ile saba ilikwisha kuchomwa. Miwili mama amekataa kuitupa. Iko nyuma ya kitalu, haina matawi chini, juu imechipua kijani kibichi, na kuku hulala kwenye vyungu vyake.