Jambia la Oman na Pembe ya Faru



Ndugu wazazi na wanafunzi, vijana wa madrasa yetu hapa Cyangugu waliona panga za samurai wa Japani katika filamu, wakatuuliza: je, na sisi tunaoitwa Waswahili tulikuwa na silaha za kupambwa namna ile? Jibu ni ndiyo. Tunalieleza kwa tahadhari, maana katika nchi yetu neno panga lina uzito wake tangu 1994.

Huko Japani, serikali iliwakataza samurai kuvaa panga hadharani mwaka 1876. Mafundi waliokuwa wakichonga mapambo ya mipini wakakosa kazi, na baadhi yao wakageukia kutengeneza vyombo vya urembo.

Kwetu mfano wake ni jambia la Oman, ambalo Waarabu huliita khanjar. Tazameni picha za masultani wa Zanzibar: joho, kilemba, na jambia kiunoni. Chuma chenyewe ni kifupi tu. Thamani iko kwenye ala iliyopinda kama herufi laam, iliyodariziwa kwa nyuzi za fedha, na kwenye pete za kuifungia mkandani. Mtindo wa Saidi, wa ukoo wa Sayyid Said bin Sultan aliyefariki 1856, una pete saba. Fedha hiyo isiwashangaze: imepokewa katika Hadithi kwamba upanga wa Mtume (S.A.W.) ulikuwa na fedha kwenye kichwa cha mpini.

Tatizo ni mpini wa jambia. Uliopendwa kuliko yote ulikuwa wa pembe ya faru, na pembe nyingi zilitoka kwetu Afrika Mashariki. Miaka ya 1970, Wayemen waliokwenda kufanya kazi Saudi Arabia walirudi na pesa, na wengi wakataka jambia la pembe. Faru weusi walikuwa kama 65,000 mwaka 1970. Kufikia 1995 walibaki chini ya 2,500. Kweli, pembe nyingine zilikwenda kwenye dawa za Asia Mashariki, lakini sehemu yetu sisi Waislamu tusiifiche.

Yemen Kaskazini ilipiga marufuku kuingiza pembe mwaka 1982. Mafundi wa Oman sasa hutumia pia mti wa msandali, na mwaka 2022 UNESCO iliutambua ufundi wao. Hapa Rwanda, faru mweusi wa mwisho alionekana Akagera mwaka 2007. Mei 2017 wakaletwa 18 kutoka Afrika Kusini.