Sidamo ni Jina la Nani?

Sidamo lilikuwa jimbo la Ethiopia. Lilikuwapo enzi za Haile Selassie, likaendelea kuwapo enzi za Derg, kisha likafutwa miaka ya 1990 nchi ilipogawanywa upya kwa kufuata mataifa na makabila yake. Ukilitafuta leo kwenye ramani ya utawala hulioni. Ukilitafuta kwenye mfuko wa kahawa, iwe Seattle, London au Tokyo, unalipata bila shida.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na wenzangu wengi darasani wanaandika kuhusu vita, vyama na viongozi. Mimi nimekwama kwenye jambo linaloonekana dogo: jina la mahali likishachapwa kwenye gunia na kuvuka bahari, mwenyewe ni nani?

Sheria ina jibu, ingawa halipendezi. Tangu Mkataba wa Paris wa 1883, alama za biashara zimelindwa nchi kwa nchi. Kila nchi ina daftari lake, na alama iliyoandikwa kwenye daftari moja haina nguvu kwenye lingine hadi nako iombewe, ilipiwe ada na ikubaliwe. Usidhani ni habari za Ulaya tu. Ukisajili alama yako BRELA, Dar es Salaam, haikulindi Zanzibar, kwa sababu Zanzibar ina msajili wake na sheria yake. Boti inavuka kwa saa mbili hivi. Alama yako inabaki bandarini.

Kwa hiyo neno linaweza kuwa la watu wote kwao na likawa mali ya kampuni kwingine. Disney iliomba kusajili "Hakuna Matata" Marekani mwaka 1994, ikakubaliwa 2003, kwa ajili ya nguo. Mwaka 2018 watu wetu walipoligundua jambo hilo mitandaoni walikasirika kana kwamba tumekatazwa kusema. Hakuna aliyekatazwa, usajili ule unahusu fulana zinazouzwa Marekani. (Na Watanzania wenyewe, tuwe wakweli, husema "hakuna shida".) Lililonigusa zaidi ni la kikoi. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba neno KIKOY liwe alama yake huko. Lingekubaliwa, mfumaji wa Kenya angehitaji ruhusa ya Mwingereza ili auze kikoi Uingereza kwa jina lake. Shirika la Traidcraft lilisaidia kupinga, na ombi halikufika popote.

Ethiopia haikusubiri kujitetea. Machi 2005 ofisi yake ya haki miliki ilipeleka maombi Marekani kusajili majina matatu ya kahawa: Yirgacheffe, Harrar na Sidamo. Ikakuta kwenye foleni kuna mtu mbele yake. Mwaka mmoja kabla, Starbucks ilikuwa imeomba kusajili "Shirkina Sun-Dried Sidamo", jina la kahawa ambayo iliiuza hadi dola 26 kwa ratili. Aliyeichuma alipata sehemu ndogo mno ya bei hiyo.

Chama cha wafanyabiashara wa kahawa cha Marekani kilipinga maombi ya Ethiopia. Yirgacheffe lilipita, lakini Harrar na Sidamo yalikataliwa kwanza, kwa hoja kwamba yameshakuwa maneno ya kawaida ya kutajia aina ya kahawa. Hoja hii nimeirudia mara nyingi. Jina linapata sifa kwa sababu wakulima wa mahali fulani wamelima vizuri vizazi na vizazi. Likishasifika kila muuzaji analitumia. Na kwa kuwa kila muuzaji analitumia, wenyewe wanaambiwa si lao tena. Kisheria inaeleweka, maana hakuna nchi inayotaka mtu mmoja alimiliki neno "mkate". Lakini "Harar" si mkate. Ni mji wenye ukuta wake na misikiti yake, ambao ulikuwa ukiuza kahawa kabla Seattle haijawa mji.

Starbucks ilishauri njia nyingine: badala ya alama ya biashara, Ethiopia ichukue alama ya uthibitisho, ile inayomwambia mnunuzi kwamba bidhaa imetoka kweli mahali fulani. Ushauri unasikika wa busara, na ndivyo jibini na mvinyo nyingi za Ulaya zinavyolindwa. Getachew Mengistie, aliyeongoza ofisi ile ya Addis Ababa, alikuwa na jibu la mtu anayeijua nchi yake. Kahawa ya Ethiopia inalimwa kwenye vishamba vidogo takriban milioni nne. Kuthibitisha kila gunia kunataka wakaguzi, karatasi na fedha, na mwisho wa yote gharama ingemwangukia mkulima. Tena, mwenye alama ya uthibitisho hana budi kumkubalia kila anayetimiza masharti, wakati mwenye alama ya biashara anachagua wa kumpa leseni. Ethiopia ilitaka nafasi ya kukaa mezani na kuzungumza bei.

Oktoba 2006 shirika la Oxfam liliingia kwa kishindo. Lilikadiria kwamba majina hayo yangeweza kuiletea Ethiopia dola milioni 88 zaidi kwa mwaka, na makumi ya maelfu ya wanywaji kahawa wakaiandikia Starbucks kuilalamikia. Mkuu wa kampuni, Jim Donald, akasafiri hadi Addis Ababa kuonana na Waziri Mkuu Meles Zenawi. Juni 2007 mkataba ukasainiwa: Starbucks ikakubali kwamba majina ni ya Ethiopia na ikachukua leseni ya kuyatumia. Mwaka uliofuata Harrar na Sidamo yakasajiliwa Marekani.

Leseni ile haikuwa na mrabaha hata senti. Wako wanaosema kwa sababu hiyo Ethiopia ilishinda karatasi tu. Sikubaliani nao moja kwa moja. Nchi isiyokuwa hata mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani ilitumia sheria ya Marekani, ndani ya Marekani, kuilazimisha kampuni kubwa kukiri kwamba jina lina mwenyewe. Lakini kama unamuuliza mkulima, kukiri hakununui mbolea.

Kinachonisumbua zaidi kiko nyuma ya yote hayo. "Ethiopia" iliyoandikwa kwenye daftari ni serikali, na serikali hiyo ina historia yake na maeneo hayo. Harar ulitekwa na majeshi ya Menelik mwaka 1887, miaka minne tu baada ya Mkataba wa Paris. Nchi ya Wasidama ilifuata miaka ya 1890. Askari na maofisa wa mfalme wakagawiwa wakulima wa kusini, ambao walilazimika kuwatumikia na kuwapa mazao, waliitwa gabbar. Kahawa ya kusini ilikuzwa sehemu kubwa chini ya utaratibu huo.

Na "Sidamo" si jina wanalojiita wenyewe. Wao ni Wasidama, nchi yao ni Sidama, na wengi wao huona kwamba Sidamo ni jina walilobandikwa na watawala, lenye harufu ya dharau. Tena jimbo la zamani la Sidamo lilikuwa kubwa kuliko nchi yao. Yirgacheffe yenyewe, iliyo kwa Wagedeo, ilikuwa ndani yake. Kwa hiyo jina lililopiganiwa kwa miaka mitatu ofisini Marekani, kwa niaba ya wakulima, ni jina ambalo sehemu ya wakulima hao wasingependa kuitwa.

Novemba 2019 Wasidama walipiga kura ya kuamua kama wawe na mkoa wao ndani ya shirikisho. Zaidi ya asilimia 98 walisema ndiyo, na mkoa ukaanza rasmi Juni 2020, makao yake makuu yakiwa Hawassa. Jina waliloupa ni Sidama, kwa herufi a mwishoni. Alama iliyosajiliwa Marekani mwaka 2008 ina herufi o, na mwenye alama hiyo ni serikali iliyoko Addis Ababa.