Unyenyekevu na Utii wa Kristo kama Kielelezo cha Maisha ya Kikristo: Mfano wa Uamsho wa Afrika Mashariki

Katika Waraka kwa Wafilipi, sura ya 2, Mtume Paulo anamtaja Kristo kuwa kielelezo cha waumini: alikuwa na utukufu, akajishusha hadi hali ya mtumwa, akatii hata kufa msalabani. Waraka huo ulipelekwa Filipi, koloni la Kirumi ambako cheo kilithaminiwa sana. Kwa mantiki yake, aliye juu ndiye anayetangulia kushuka. Katika Afrika Mashariki ya kikoloni, fundisho hilo lilikuwa na hatari yake, kwa kuwa likihubiriwa na mwenye nguvu kwa mnyonge, liliweza kugeuka kuwa amri ya kunyamaza. Makala haya yanadai kuwa Uamsho wa Afrika Mashariki ulitenganisha unyenyekevu na unyonge kwa kuuweka utii kwa Kristo mbele ya utii kwa mwenye cheo.

Mwaka 1929, Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Gahini nchini Rwanda, alikutana mjini Kampala na Simeoni Nsibambi, Mkristo Mganda. Walisoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 uamsho ulienea kutoka Gahini hadi Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Alama yake kuu ilikuwa toba ya hadharani. Wamisionari nao waliungama kiburi chao mbele ya Waafrika, jambo lisilo la kawaida katika jamii iliyozoea Mzungu kuamuru na Mwafrika kutii. Hapo unyenyekevu haukudaiwa kwa upande mmoja tu.

Mgogoro wa Chuo cha Askofu Tucker, Mukono, mwaka 1941, uliipima tafsiri hiyo. Wanafunzi waliokuwa wafuasi wa uamsho, akiwemo William Nagenda, walikataa kuacha ibada zao za alfajiri na mahubiri yao, nao 26 wakafukuzwa. Kwa uongozi wa chuo huo ulikuwa uasi. Kwa wanafunzi ulikuwa utii kwa Kristo. Hata hivyo, wengi wa wanauamsho hawakuanzisha kanisa jipya. Walibaki ndani ya Kanisa la Anglikana lililowaadhibu, wakiendelea kulikosoa. Walikataa amri, lakini hawakuukataa ushirika.

Nchini Kenya, baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952, gharama iliongezeka. Wanauamsho wengi wa Kikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau, na baadhi yao walikataa pia kubeba silaha za serikali. Walishukiwa na pande zote mbili, na wako waliouawa.

Mfano huu haukosi dosari. Toba ya hadharani iliweza kuzaa kiburi kipya, pale asiyeungama kwa namna ya wanauamsho alipohesabiwa kuwa hajaokoka. Unyenyekevu uliogeuzwa kuwa kipimo cha kuwahukumu wengine ulipoteza asili yake.

Hivyo basi, historia ya uamsho inaonesha kuwa kumfuata Kristo katika unyenyekevu hakukumaanisha kuinamia kila mamlaka. Kulimaanisha kuacha fahari ya nafsi, kukubali gharama ya dhamiri, na kubaki karibu na ndugu hata wakati wa kutofautiana nao.