Bukoba, 1890: Barua na Amakuru

Mtu ashukaye melini Bukoba, akikipa mgongo kisiwa cha Musira, hukanyaga ufuko ambao mwanzoni mwa mwaka 1890 haukuwa na mji. Ulikuwako ufalme wa Kyamtwara, na kusini yake, katika nchi ambayo leo ni Wilaya ya Muleba, ulikuwako ufalme wa Ihangiro. Mji ulianza kama kambi ya Wajerumani, na aliyeipiga kambi hiyo mwishoni mwa mwaka huo alikuwa daktari Eduard Schnitzer, ajulikanaye zaidi kwa jina la Emin Pasha. Vitabu vya shule humtaja kuwa mtumishi wa ukoloni, na kwa haki. Hapa tutamtazama kwa upande mwingine: mgeni aliyekaa mbali na jamaa zake, akitaka wajue yu hali gani.

Si kwamba alikuwa hodari wa kutunza jamaa. Alizaliwa Oppeln mwaka 1840, akakulia Neisse. Mwaka 1875 alirudi huko pamoja na mjane wa liwali mmoja wa Kituruki na watoto wake, akimtambulisha kuwa ni mkewe. Muda si muda akatoweka, akawaacha mikononi mwa ndugu zake. Miaka mitatu baadaye alikuwa gavana wa Ekwatoria, kusini mwa Sudani. Vita vya Mahdi vilimfungia njia zote, na ilipofika Desemba 1889, alipoingia Bagamoyo pamoja na Stanley, alikuwa na binti mdogo, Ferida, aliyezaliwa mwaka 1884 na mama Mhabeshi aliyekwisha kufariki. Aprili 1890 aliondoka tena kwenda bara akiitumikia Ujerumani. Ferida alibaki pwani.

Kwa hiyo mtu huyu, akiwa Bukoba, alikuwa na nyumba mbili za kuziandikia: ya dada yake Melanie huko Neisse, na ya mtoto wa miaka sita ambaye, yaelekea, ilimlazimu mtu mwingine kumsomea.

Na barua hizo zilisafirije? Posta haikuwako, wala reli. Ilibidi zivuke ziwa kwa mtumbwi hadi upande wa Mwanza, zikapokewa na watu wa miguu mpaka Tabora, zikashuka na misafara hadi Bagamoyo, ndipo zipakiwe merikebuni kwenda Ulaya. Jibu lilirudi kwa njia hiyo hiyo, likihesabiwa kwa miezi. Hata habari za dola zilichelewa vivyo hivyo. Mkataba wa kugawana nchi hizi baina ya Uingereza na Ujerumani ulitiwa saini Berlin tarehe 1 Julai 1890, wakati msafara wa Emin ungali njiani. Watu walikuwa wamekwisha kugawiwa, nao hawajui. Mtu aliyeandika kwamba hajambo alijua kuwa, barua itakapofunguliwa, huenda neno hilo si kweli tena.

Ndivyo ilivyokuwa kwake mwenyewe. Aliondoka Bukoba Februari 1891 akielekea magharibi, ndui ikauvamia msafara, na Oktoba 1892 akauawa katika Kongo. Shajara zake ziliangukia mikononi mwa majeshi ya Wabelgiji mwaka uliofuata. Jamaa yake, Georg Schweitzer, alizitumia pamoja na barua kutunga kitabu cha maisha yake, kilichochapishwa mwaka 1898. Ferida alipelekwa Ujerumani, akalelewa na shangazi yake.

Lakini ni nani aliyezibeba barua hizo? Walikuwa wapagazi wa Kinyamwezi na watu wa pwani, na askari wa Kisudani walilinda msafara. Nao walikuwa na dada na watoto mbali, wengine mbali sana. Habari zao zilipita kwa kinywa: misafara ikikutana njiani, watu waliulizana nani amefika, nani ameugua, nani amezikwa wapi. Mjumbe alikariri salamu kwa majina. Njia ile moja ilipitisha habari za aina mbili, na ni zile za karatasi tu zilizopata kabati la kuhifadhiwa. Kwangu mimi hili ni pengo zito kuliko mengi tunayowalaumu nayo waandishi wa zamani, maana halikutokana na uongo wa mtu.

Wahaya wana neno lao la habari, amakuru. Misheni ya Kashozi ilipoanzishwa mwaka 1892 na shule zikafuata, amakuru nayo yakaanza kuandikwa. Reli ya Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, meli zikaunganisha Bukoba nayo, na safari ya miezi ikawa ya siku. Ndipo Wahaya wenyewe wakawa watu wa mbali: walikwenda Buganda kufanya kazi, na kina mama wengi, hasa katika miaka ya 1930, bei ya kahawa ilipoanguka, walikwenda Kampala na Nairobi. Walitukanwa sana huko na huku, na mengi ya matusi hayo yangefaa kusahauliwa. Fedha walizopeleka nyumbani zililipa madeni ya wazazi na kununua vibanja. Mila haikumpa binti urithi wa kibanja cha ukoo. Kile alichokinunua kilikuwa chake. Basi mama asiyejua kusoma aliweza kupeleka habari iliyoeleweka na kijiji kizima: migomba mipya na nyumba iliyosimama.

Mwalimu wa Kashozi au Kamachumu anaweza kuwapa wanafunzi kazi hii: kila mmoja achague kibanja kimoja kijijini kwao, awaulize wazee kilinunuliwa na nani, kwa fedha iliyotoka mji gani, na kaburi la mnunuzi liko upande gani wa migomba.