Cheltenham: kubashiri mbio za farasi wa kuruka vizuizi

Kubashiri mbio za farasi wa kuruka vizuizi ni kupima, kabla ya mashindano kuanza, nafasi ya kila farasi aliyesajiliwa na kutaja wale wanaoelekea kushinda. Nchini Uingereza na Ayalandi, kilele cha msimu wa mbio hizi ni tamasha la Cheltenham, huko Gloucestershire, lenye mashindano 28 yanayokimbiwa kwa siku nne kila Machi. Majuma kadhaa kabla ya hapo mazungumzo hutawaliwa na majina: nani hajashindwa msimu mzima, nani katoka zizi la mkufunzi gani, nani anapigiwa upatu. Makala hii inashikilia kwamba utaratibu huo umepinduliwa. Cha kwanza kuchunguzwa ni uwanja: umbali, mwinuko na ardhi ya siku hiyo vinamdai farasi nini. Jina na sifa zake vifuate, na bei ya dau itazamwe mwisho, ingawa ndiyo yenye kauli ya kukata shauri.

Uwanja wa Cheltenham umelala chini ya kilima cha Cleeve Hill. Farasi huzunguka kwa mkono wa kushoto, wakipanda na kushuka, na sehemu tambarare ni chache. Karibu na mwisho njia huteremka, farasi wakiwa wamechoka na wamesongamana, kisha hukata kona na kuanza kupanda hadi kwenye nguzo ya kumalizia. Katika Gold Cup, shindano lenye heshima kuliko yote, farasi hukimbia kama kilomita 5.3 na kuruka vizuizi 22, na baada ya kizuizi cha mwisho bado kuna mita kama 200 za mpando. Mtazame hapo farasi aliyeongoza tangu mwanzo. Hatua zinafupika, kichwa kinainuka badala ya kunyooka mbele, na mpandaji, aliyekuwa ametulia tuli na hatamu mkononi, anaanza kuisukuma shingo ya mnyama kwa mikono yote miwili. Ushindi mwingi wa Cheltenham hupatikana au hupotea hapo. Mvua ikinyesha usiku kucha, tope huzidisha adha hiyo, na mwenye mbio nyingi lakini pumzi fupi hupoteza kile kile kilichomfanya apendwe. Zaidi ya hayo, ndani ya uwanja mmoja mna njia mbili: siku mbili za kwanza hutumika ya zamani, yenye kona kali, mbili za mwisho hutumika mpya, inayodai pumzi zaidi. Aina ya kikwazo nayo si jambo dogo. Viunzi ni vyepesi, huinama vikigongwa, na kimo chake huanzia mita 1.07, vizuizi vikubwa ni matawi yaliyoshindiliwa, huanzia mita 1.37, na anayekosea hatua mbele yake hulipa papo hapo.

Kumbukumbu za tamasha zinaonyesha kwamba aliyewahi kuumudu mpando ule huumudu tena. Quevega alishinda shindano lile lile la farasi majike mara sita mfululizo, tangu 2009 hadi 2014. Tiger Roll, farasi mwenye umbo dogo, alishinda Cheltenham mara tano kati ya 2014 na 2021: mara moja kwenye viunzi, mara moja kwenye vizuizi vikubwa, na mara tatu kwenye mbio za nyika. Ukiacha Grand National ya Aintree, aliyoitwaa 2018 na 2019, matokeo yake mengi ya kwingineko yalikuwa ya kawaida tu. Aliyesoma mbio zake za karibuni peke yake angeweza kumpita bila kumtupia jicho la pili. Aliyesoma alichofanya kwenye uwanja huu alikuwa na sababu ya kurudi kwake kila Machi.

Wapo watakaosema farasi bora hushinda popote, na mfano wao ni Desert Orchid. Huyu aling'ara zaidi kwenye viwanja vya mkono wa kulia, akashinda King George VI Chase ya Kempton mara nne. Mwaka 1989 alikwenda Cheltenham, mkono wa kushoto, kwenye tope zito, akatwaa Gold Cup. Ni kweli, lakini tuangalie alivyoitwaa. Yahoo, ambaye kwa sifa hakuwa wa kulinganishwa naye ila tope lilimfaa, alimsumbua hadi kwenye mpando wa mwisho na akashindwa kwa urefu wa farasi mmoja na nusu tu. Pengo lililokuwepo baina yao kwa jina, uwanja ulikuwa umelila karibu lote. Ubora upo na una uzito wake; mbashiri anachopaswa kujua ni kiasi gani cha ubora huo kitabaki baada ya ardhi na mwinuko kuchukua chao.

Pingamizi zito zaidi ni la kuanguka, kwa sababu farasi akianguka, hoja zote za mbashiri huanguka naye. Tarehe 11 Machi 2025, katika Champion Hurdle, shindano la viunzi la Cheltenham, Constitution Hill ambaye hadi siku hiyo hakuwa amewahi kushindwa alianguka kwenye kiunzi cha tano. State Man, bingwa wa mwaka uliotangulia, alikuwa amekwisha kujitenga mbele, naye akaanguka kwenye kiunzi cha mwisho kabisa. Akashinda Golden Ace kwa bei ya 25 kwa 1. Hakuna mbashiri mwenye haki ya kusema aliliona hilo likija. Lakini bahati iliwaondoa wawili tu. Haikuamua nani kati ya waliobaki wima angetangulia kupanda. Golden Ace alikuwa ameshinda kwenye tamasha hilo hilo 2024, tena kwa kumshinda Brighterdaysahead, ambaye 2025 alipewa nafasi kubwa kuliko yeye na akamaliza nyuma yake. Kwa hiyo kuanguka hakuifuti hesabu, bali kunaingia ndani yake: hata farasi bora lazima akatwe sehemu ya nafasi yake kwa ajili ya vizuizi, na neno "lazima ashinde" halina mahali katika ubashiri wa mbio hizi.

Linabaki suala la soko. Bei ya 3 kwa 1, ambayo kwenye mikeka ya kwetu huandikwa odi 4.00, inamaanisha nafasi ya asilimia 25. Ukijumlisha nafasi za farasi wote katika shindano moja utapata zaidi ya 100, na ziada hiyo ni ya kampuni ya kamari. Kwa kawaida farasi anayepigiwa upatu hushinda takriban shindano moja kati ya matatu, kwa hiyo soko si jinga. Hata hivyo, tangu Richard Griffith alipochapisha uchunguzi wake wa mbio za Marekani mwaka 1949, inajulikana kwamba soko huelemea upande: watu hutia fedha nyingi mno kwa farasi wa bei kubwa. Mbashiri makini hahitaji kulipinga soko katika kila shindano. Mashindano mengi atayaacha yapite, na atasimama pale tu ambapo uwanja unasema jambo ambalo bei haijalisikia.

Gold Cup ya 2025 ilikuwa shindano la namna hiyo. Galopin Des Champs, mshindi wa 2023 na 2024, alikuwa na bei ya 8 kwa 13, sawa na asilimia 62. Mwezi uliotangulia alishinda Leopardstown, jijini Dublin, na Inothewayurthinkin akawa wa nne. Kwa anayesoma namba, shauri lilikuwa limekwisha. Lakini umbali wa Leopardstown ni mfupi zaidi, huyo wa nne alikuwa akizidi kukaza mwendo mbio zilipokwisha, na 2024 alikuwa ameshinda Cheltenham kwa umbali unaokaribiana na wa Gold Cup. Mmiliki wake hakuwa amemsajili. Alilipa pauni 25,000 ili farasi huyo aongezwe siku chache kabla. Bei yake ilikuwa 15 kwa 2, yaani asilimia 12 hivi. Uwanja haukuwa umemkataa bingwa, ambaye alikuwa ameushinda mara mbili; ulisema tu kwamba pengo kati ya 62 na 12 ni kubwa mno, na hoja hiyo ingesimama hata kama Galopin angeshinda. Kwenye mpando wa mwisho Inothewayurthinkin alimwacha nyuma kwa urefu wa farasi sita.