Dhahabu ya Sofala na Mwamba Ulioizaa

Katika jumba la makumbusho ya sanaa za kale mjini Lisbon kimewekwa chombo cha ibada ya Kikristo, kilichofuliwa kwa dhahabu na kutiwa nakshi za rangi, na kwenye kitako chake yamechorwa maneno yanayoarifu kuwa Mfalme Manuel wa Kwanza wa Ureno aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, kikakamilika mwaka 1506. Kodi hiyo, ambayo mimi sioni kosa kuiita nyara, ilikuwa mithkali 1,500 alizozitoza Vasco da Gama mwaka 1502, alipotia nanga mbele ya mji na kumtishia mtawala wake, Amiri Ibrahimu, kwa mizinga. Walakini Kilwa haikupata kuchimba dhahabu hata siku moja, kwani kisiwa kile ni mawe ya matumbawe na mchanga mtupu. Dhahabu ilitoka Sofala, bandari iliyo kusini zaidi ya pwani hiyo, na Sofala nayo iliipokea kutoka nyanda za juu za bara, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Na atakaye kufahamu kwa nini tijara ile iliwatajirisha baadhi ya watu na kuwahizi wengine, hana budi kuanza na mwamba wenyewe.

Wanazuoni wa falaki husema kuwa madini haya hayakuumbwa hapa duniani. Mwezi wa Agosti 2017 waliona alama za nyota mbili zilizokwisha kufa, ndogo kwa umbo lakini nzito kupita kiasi, zikigongana mbali sana, mwendo ambao nuru huuchukua kwa miaka takriban milioni 130. Na katika mwako wa mgongano ule walitambua kuwa elementi nzito, za jinsi ya dhahabu, zilikuwa zikizaliwa. Dunia yetu ilipokuwa bado ujiuji wa moto, sehemu kubwa ya dhahabu yake ilizama pamoja na chuma hadi kiini, mahali pasipofikika kwa sururu wala kwa dua, na wengi wao hudhani kuwa hii iliyo karibu nasi ililetwa baadaye na vimondo. Hata hivyo imetapakaa mno: tani moja ya mwamba wa kawaida haina ila miligramu chache.

Basi ilihitajika nguvu ya kuikusanya, na nguvu hiyo ilikuwa maji. Miaka ipatayo bilioni 2.7 iliyopita, nyanda zile zilikuwa na milima ya moto iliyomwaga lava yake chini ya bahari, na lava hiyo, ilipofukiwa, kukandamizwa na kupikwa upya, ikawa miamba yenye rangi ya kijani. Kutoka vilindini yalipanda maji ya moto wa mamia ya digrii, yenye kibiriti upele ndani yake, na kibiriti hicho ndicho kilichoishika dhahabu na kusafiri nayo. Kila tetemeko lilipoupasua mwamba, maji yalikimbilia ufani, kani yake ikashuka ghafula, na chuma kilichomo katika jiwe la kijani kikakinyakua kibiriti. Hapo dhahabu, ikiwa imekosa mshikaji wake, ikaachwa pamoja na jiwe jeupe gumu liitwalo kwazi. Tetemeko baada ya tetemeko, nyufa zilijaa na kuwa mishipa: mingine yenye unene wa shubiri moja, mingine wa pima, aghlabu iliyopinda, kukatika, na kujificha tena. Mvua za dahari zilipoumomonyoa mwamba, punje zilichukuliwa hadi mitoni, na kwa kuwa dhahabu ina uzito mara 19 wa maji, ilhali uzito wa kwazi haufiki mara tatu, zilitua chini ya mchanga, katika mito kama Mazowe.

Hali hiyo ya kutawanyika ndiyo iliyoamua desturi ya kazi. Wenye nchi, mababu wa Washona, hawakuwa wachimbaji wa mwaka mzima. Walikuwa wakulima, na mavuno yakisha kuingia ghalani, mito ikapungua, familia zilikwenda kuosha mchanga au kuufuata mshipa chini. Waliuwashia mwamba moto, wakaumwagia maji ukapasuka, wakalitwanga jiwe juu ya mwamba uliochimbika mashimo kwa kutwangiwa, kisha wakaliosha. Mashimo yao yalikuwa membamba mno, na mifupa iliyofukuliwa humo, ikiwamo ya wanawake, huonyesha nani waliotumwa chini na jinsi ardhi ilivyowafunika. Yalipotokea maji walikoma.

Pwani habari hizi zilijulikana zamani. Al-Masudi, mwandishi wa Kiarabu wa karne ya 10, alikwisha kuitaja Sofala kuwa nchi ya dhahabu nyingi. Taarikhi ya Kilwa aliyoihifadhi Mreno João de Barros husimulia kuwa mvuvi wa Kilwa aliburutwa na samaki mkubwa hadi baharini, mkondo ukamchukua mpaka Sofala, akawakuta watu wa Mogadishu wakifanya biashara. Samaki huyo mimi simwamini sana, lakini mkondo nauamini, maana mpaka leo unakwenda kusini. Na pepo nazo ziliipendelea Kilwa: jahazi la Arabuni au la Bara Hindi halikuweza kwenda Sofala na kurudi kwao kwa msimu mmoja, ila Kilwa lilifika kwa kaskazi na kuondoka kwa kusi. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliambiwa kuwa unga wa dhahabu huletwa Sofala kutoka mahali paitwapo Yufi, mwendo wa mwezi mzima. Sultani aliyemkuta, al-Hasan bin Sulaiman, ndiye mwenye jumba la Husuni Kubwa huko Kilwa, na sarafu ya shaba yenye jina lake imeokotwa katika magofu ya mji wa mawe wa Zimbabwe Kuu, huko bara.

Wareno walidhani kuwa mwenye kushika mlango amekwisha kuipata nyumba. Mwaka 1505 waliiteka Kilwa, na mwaka huo huo Pêro de Anaia akajenga ngome Sofala. Dhahabu ikapungua, kwani wafanyabiashara Waislamu waliihamishia njia za Angoche na mto Zambezi. Hatimaye Francisco Barreto alitumwa pamoja na jeshi kwenda kuyateka machimbo yenyewe. Alifia Sena, kando ya mto Zambezi, mwaka 1573, baada ya homa kuwafyeka askari wake. Aliyemrithi, Vasco Fernandes Homem, alifika nchi ya Manyika, akaoneshwa machimbo aliyoyatamani: watu wakitoka shimoni na udongo, wakiuosha kutwa, wakapata chembe. Hapakuwapo hazina ya kuteka, bali kazi ya maelfu ya mikono ambayo mizinga haikuweza kuiamuru.

Ndoto hiyo haikuwatoka Wazungu upesi. Wengi waliing'ang'ania Sofala kuwa ndiyo Ofiri, nchi ya dhahabu ya Nabii Suleimani, na watafuta dhahabu walioingia na kampuni ya Cecil Rhodes baada ya mwaka 1890 walipigilia vigingi vyao pale pale palipokuwa na mashimo ya kale, huku wakisema kuwa yamechimbwa na Wafoinike. Wanaakiolojia David Randall-MacIver mwaka 1905, na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, walithibitisha kuwa majengo ya Zimbabwe Kuu ni kazi ya Waafrika, lakini hapo vigingi vilikwisha kuota kutu. Watafuta dhahabu wale walileta pampu za kuvuta maji, wakashuka chini ya usawa uliowakomesha wenye nchi. Wengine waliukuta mshipa ukiendelea, na wengine wakakuta umekwisha.